Mpangaji na Uji wa Futari

Mpangaji wetu hapa Msambweni anafundisha hesabu chuoni, na kazi yake ni kukokotoa jinsi vitu vizito vinavyopita kwenye mabomba: asali, tope, uji. Hanywi kitu bila kuinamisha kikombe kwanza na kuutazama mteremko wake kama anayeangalia mwezi mwandamo. Mikono yake inanata siku zote. Ukimpa mkono, huachiwi upesi.

Ramadhani hii alimfungia Bi Twaiba, anayetupikia futari, bomba kwenye sufuria la uji wa pilipili manga, eti ujimimine wenyewe vikombeni. Magharibi ikaadhiniwa, koki ikafunguliwa, na halikutoka hata tone. Sisi tumefunga kutwa, yeye anafungua kompyuta!

“Subirini, jamaa. Uji uliotulia hugoma, ukitikiswa hulegea. Nipeni dakika ishirini nijue utikiswe kiasi gani.”

Bi Twaiba akalipiga bomba kwa mwiko. Uji vuguvugu ukamrukia mwalimu kuanzia kofia mpaka ndevu.

Akajilamba midomo, akasema alhamdulillahi, kisha akachukua kalamu. “Samahani, Bi Twaiba, umepiga kwa nguvu kiasi gani?”

Bi Twaiba akauinua mwiko tena, amwonyeshe.