Mafuta Yasiyoganda

Siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa mengi mengine umri umeyachukua. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali mjini Korogwe, nikimsubiri kaka yangu Mhina atoke kupimwa. Mhina alikuwa dereva wa lori. Alisimama Kabuku kula, kama ilivyokuwa desturi yake, akashikwa na maumivu ya kifua hata akashindwa kupanda tena garini. Madereva wenzake ndio waliomleta.

Kaka yangu alipenda kula, Mungu amrehemu. Nyama aliitaka yenye mafuta meupe, na chipsi alizitaka zitoke kwenye karai ambalo mafuta yake yamekuwa meusi kwa kurudiwarudiwa. Simlaumu. Barabarani hakuna jiko la mama, na njaa ikimshika dereva hula kilicho karibu.

Daktari alituita, akatueleza kwa upole kwamba mishipa inayolisha moyo imeanza kuziba. Akampa Mhina dawa za kumeza kila siku, akamwambia aache sigara, atembee kwa miguu, na awe mwangalifu na mafuta. Aliendelea kufafanua ni mafuta yapi, lakini mimi hofu ilikwisha kunijaa. Nilishika neno moja tu, mafuta, nikarudi nalo kijijini kwangu Kang'ata.

Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo Mhina akaja kukaa kwangu na binti yake Mwajuma. Nikaondoa jikoni kila kitu chenye mafuta. Mboga nikazichemsha kwa maji matupu. Karanga tulizozoea kuzitwanga na kuzitia kwenye mchicha, nikawapa majirani. Ufuta wa shambani mwetu, nikauondoa wote. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao, nami niliutupa mbachao na msala wenyewe sikuuona.

Mhina alivumilia mwanzoni, kisha akaanza kusukuma sahani. Akakonda, akawa mtu wa kukaa kimya. Jioni moja alirudi kutoka madukani, nikasikia harufu ya mishkaki mikononi mwake. Nikamuuliza kama anataka kumwacha Mwajuma yatima wa pande zote mbili.

Hakukasirika. Alisema tu, "Mdogo wangu, anayekula chakula kama hiki kila siku, ameshaanza kufa."

Nililia, mwanangu. Nilikuwa namlinda, na kumbe ulinzi wangu ndio uliomsukuma kwenye mishkaki. Nikatuma habari Bungu, milimani, kwa mama mkubwa Zaina, dada wa marehemu mama yetu, ndiye aliyetulea. Akaagiza tupande wote wawili.

Tulipofika, tukampa shikamoo, akatukalisha karibu na moto, maana Bungu baridi yake si ya mchezo. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Daktari alisema nini hasa?"

"Alisema mafuta, mama."

"Mafuta gani?"

"Mafuta tu, mama," nikarudia.

"Umebeba nusu ya neno la daktari," alisema, "ukamlisha kaka yako hiyo nusu. Kwa nini hukurudi kuuliza? Kuuliza si ujinga, binti yangu. Ujinga ni kuogopa kuuliza." Kisha akamtazama Mhina. "Na wewe, mtu mzima, unakwenda kula kwa kujificha. Unamficha nani? Moyo ni wako."

Mhina aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona akiinama vile mbele ya mtu.

Asubuhi akatupeleka zahanati, kwa muuguzi aliyekuwa akifundisha mambo ya lishe. Yule dada alitueleza bila haraka. Mafuta ya nyama, samli na mawese hushikana na kuganda baridi ikiingia, na yakizidi mwilini huongeza lehemu mbaya kwenye damu, ile inayoziba mishipa. Lakini mafuta yaliyomo kwenye parachichi, karanga, korosho na ufuta hubaki maji. Mengi yake ni ya aina nyingine, ambayo ikichukua nafasi ya yale yanayoganda, lehemu mbaya hupungua.

"Nimesema yachukue nafasi," alirudia, "sijasema myaongeze juu yake. Nayo ni mafuta vilevile, yakizidi yananenepesha. Na dawa asiache."

Tuliteremka na maparachichi ya shambani kwa mama mkubwa. Nikazirudisha karanga kwenye mchicha. Parachichi nilimpondea kwa ndimu, akala na muhogo wa kuchemsha. Siku ya kwanza alipomaliza sahani, aliomba nimwongezee mboga, nami nikageuka upande asione machozi yangu.

Sisemi kwamba parachichi lilimponya. Dawa alimeza, sigara aliacha, na kila alfajiri baada ya swala alitembea mpaka shambani na kurudi. Udereva hakuurudia, akalima ufuta. Lakini alipata miaka mizuri, mwanangu, ambayo sisi hatukuitarajia. Mwajuma alipoolewa, baba yake ndiye aliyekaa mbele ya shehe na kumwoza, kwa sauti iliyosikika mpaka uani tulipokuwa wanawake. Alipofika wakati wake alikwenda, kama tutakavyokwenda sote.

Sasa nakuambia wewe, unayeona mafuta ya dumu ndiyo maendeleo na karanga ni chakula cha wazee. Usiyaogope mafuta yote, wala usiyakumbatie yote. Nyama yenye mafuta meupe na karai jeusi, vipunguze. Karanga, ufuta, korosho na parachichi, vipe nafasi hiyo, kwa kiasi. Kapime afya yako kabla maumivu hayajakupeleka. Na mtaalamu akisema jambo, lisikilize mpaka mwisho, na usipoelewa uliza tena, kwa sababu unayempikia anaweka uhai wake mikononi mwako.

Mwenyezi Mungu akupe moyo mzima na mkono mwema jikoni, akujalie kuwaoza wanao kwa sauti yako mwenyewe. Amina.