Sauti ya Mdogo Wangu Chini ya Mtungi

Mlio ule nilipousikia mara ya kwanza nilidhani ni mjusi darini. Tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tak tena. Nilikuwa peke yangu kwenye kibanda cha shemeji, Kilosa mjini, na kompyuta ilikuwa imeganda katikati ya kuwaka. Nikaizima. Nilipoiwasha tena, kioo kikabaki cheusi na maandishi meupe ya Kiingereza. Niliyaelewa nusu, na nusu hiyo ilitosha: diski haionekani.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa akirekodi kwaya na kaswida na kuchoma CD. Kompyuta aliinunua mtumba Dar es Salaam, miaka ile vitu vya nje vilipoanza kufika mpaka huku kwetu. Mimi nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Akanichukua nikae pale kwa sababu, alisema, msichana asiyeongea hawezi kumharibia rekodi. Kufungua mashine na kuisafisha nilijifunza kwa kumtazama fundi aliyekuwa akija kutoka Morogoro.

Nikaanza pale ambapo fundi huwa anaanza. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa boksi, nikatoa vumbi kwenye feni kwa brashi ya rangi. Nikachomoa kipande cha memori, nikasugua meno yake kwa kifutio cha shule, nikakirudisha. Nikakaza ule waya bapa kama utepe unaokwenda kwenye diski. Kiganja kilipogusa diski niliuvuta mkono haraka. Ilikuwa na joto la pasi.

Umeme niliuogopa, na shemeji nilimwogopa. Lakini hofu kubwa ilikuwa nyingine. Ndani ya diski ile ndimo ilimokuwa sauti ya mdogo wangu wa kiume.

Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kaswida madrasa. Kabla ya Ramadhani ustadhi aliwaleta kurekodi, na mdogo wangu alipofika kwenye kaswida yake, mama, aliyekuja kusikiliza tu, alikaa chini mlangoni na khanga mdomoni. CD tupu zilikuwa zimekwisha. Shemeji akasema atachoma baadaye. Mfungo ulipokwisha, mdogo wangu alisimama kuongoza, akafungua mdomo, zikatoka sauti mbili kwa pamoja, moja ya mtoto na moja ya mtu mzima mwenye mafua.

"Jogoo kapaliwa!" wenzake walipiga kelele. "Mpeni maji jogoo!"

Tangu siku ile alikuwa akinijibu kwa kichwa. Madrasa alikwenda kwa kusukumwa.

Shemeji aliporudi nilimwonyesha. Akainamisha sikio kwenye boksi, akasikiliza ule mlio.

"Hii imekufa, shemeji yangu. Nikienda Morogoro naleta nyingine, kubwa kuliko hii. Tutarekodi upya."

"Tutamrekodi nani?"

Neno lilinitoka kabla sijalipima. Shemeji akanitazama. "Leo umeongea," akasema, akaanza kucheka, kisha akaacha, maana mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia yote.

"Dada," akasema, na sauti ikamkatikia pale pale. Akameza mate, akarudia. "Ikipotea hiyo, wale wadogo wa madrasa watasema sikuwahi kuimba."

Hakuna aliyecheka.

Shemeji alipokwenda Morogoro niliijaribu ile diski kila siku kidogo. Nikaona jambo. Asubuhi, ikiwa imelala imezimwa, inaitika. Naona hata majina ya nyimbo. Ikipata joto inaanza tak, tak, na majina yanapotea. Kilosa kwetu joto huanza mapema. Friji kwetu hakuna, na la muuza soda lilikuwa likilowanisha kila kitu kilichomo.

Nyumbani tulikuwa na bibi mwenye kisukari. Sindano zake nesi alituelekeza kuziweka kwenye mchanga wenye unyevu chini ya mtungi wa maji, zisiharibike kwa joto. Nilikuwa nampelekea bibi dawa yake, nikaona kichupa kilivyo baridi kiganjani, nikabaki nimesimama.

Diski niliichomoa nikaja nayo nyumbani, nikaifunga kwenye kitambaa kikavu, kisha mfuko wa plastiki, kisha mfuko mwingine. Nikaifukia mchangani. Mama akaniuliza, "Maji yakiingia?"

"Itakuwa imekwisha, mama."

Bibi akasema, "Mlazeni mwenzangu vizuri."

Shemeji alileta diski mpya, pakiti ya CD tupu, na CD yenye programu ambayo fundi alimwambia huruka mahali palipoharibika badala ya kusimama. Tulisubiri kesho yake, baada ya swala ya alfajiri. Nilifungua mifuko nikitafuta tone la maji. Ilikuwa kavu. Niliifunga uzi mwekundu diski ile ya zamani, maana niliogopa kukosea upande nikanakili utupu juu ya sauti. Sikuirudisha ndani ya boksi. Niliilaza nje, juu ya viberiti viwili, chuma kisiguse chuma, na feni ya mezani ikiipuliza.

"Anza na ya kwake," shemeji akasema kwa sauti ya chini.

Nikabonyeza. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa. Mdogo wangu alikuwa ameshika mguu wa meza. Nilikuwa nikiiogopa diski, na nikiuogopa umeme, ambao kwetu haukatiki kwa taarifa. Mstari ulipovuka nusu, nikasikia: tak.

"Isogeze feni," shemeji akasema.

"Naogopa kuitikisa."

Tak, tak. Mstari ukasimama. Nilitaka kutoka nje nisione. Kisha ukaruka, ukasogea, ukafika mwisho. Wimbo wa pili haukufika popote. Diski ikalia mara moja kama kijiko kilichoanguka, majina yote yakafutika, na haikuitika tena, hata tulipoirudisha chini ya mtungi.

Jina la kaswida yake lilikuwepo kwenye diski mpya. Lakini nilikwishaona majina yasiyo na kitu ndani. Kidole kilikaa juu ya kipanya.

"Weka, dada."

Nikaweka. Kwanza mvumo wa chumba, mtu akikohoa, kisha yeye. Ile sauti nyembamba, safi, ikapanda kama ilivyopanda siku ile. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Katikati ya ubeti ikakatika. Kimya. Ni pale diski ilipokwama.

Ndani ya kimya kile akaimba yeye, kwa sauti mpya, nene, inayopasuka pembeni, maneno yaliyokosekana. Hakumwangalia mtu. Kisha kaswida ikarudi, na yule wa zamani akampokea mstari uliofuata.

Shemeji alifuta uso kwa mkono wa shati. Mimi nilinyoosha kiganja nikagusa diski mpya. Ilikuwa imeanza kupata joto.

"Shemeji," nikamwambia, "nipe CD tupu. Sasa hivi."