Fundi wa Kitale Anayetibu Magari kwa Simu

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, na Mukhwana halifichi. Ukimfikia gerejini kwake mjini Kitale ukamuuliza habari za Kiminini, hatakuambia hakumbuki. Atajipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko hiyo mikono, atacheka yeye kwanza, kisha atakupa kisa chote. Anajua usipokisikia kwake utakisikia kwa jirani, na jirani ana mkono mzito wa chumvi.

Lakini kwanza kazi.

Saa moja asubuhi. Baridi ya Kitale bado imekalia mabati, na Mukhwana amelala chali chini ya Peugeot nyeupe, miguu pekee ndiyo inayoonekana. Simu inalia mara moja mfukoni, inanyamaza. Ni flashi. Anatambaa kutoka uvunguni, anatazama jina, anapiga yeye.

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Gari imesema nini leo?"

Upande wa pili ni Cherono, mwalimu wa shule ya msingi nje ya mji. Mwaka jana alinunua gari lake la kwanza, lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Gari hilo huongea. Kila akiliwasha, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi na kusema maneno ya Kijapani, na kila mara Cherono hushtuka. Leo anataka kujua kama si onyo. Huenda ni breki, huenda ni mafuta.

"Inakusalimia tu, mwalimu."

"Una hakika, fundi?"

"Kabisa. Wewe itikia, sema salama, uende kazi."

"Na nisipoitikia?"

"Itaona unaringa."

Cherono anacheka na kukata simu. Mukhwana anabaki na yake sikioni kitambo kidogo, kama mtu aliyedhani mazungumzo yana sehemu ya pili. Halafu anairudisha mfukoni, analala chali, na Peugeot inammeza tena.

Mukhwana ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Kwao ni Mabanga, karibu na mji wa Bungoma. Alikuja Kitale akiwa kijana, akajifunza ufundi kwenye malori ya kubeba mahindi, na alipopata spana zake mwenyewe akakodi kiwanja hiki nyuma ya maduka ya vipuri. Udongo wake umelowa oili hadi umekuwa mweusi. Hata majani yameamua kutohangaika nao.

Zamani mwenye gari akiwa na swali alilazimika kulileta gari, au angalau ajilete mwenyewe. Akija, alikaa juu ya tairi, akanunua chai, akaeleza matatizo ya gari na mwishowe ya nyumbani. Kisha simu za mkononi zikashuka bei. Mwaka huu wa 2006 hata muuza viazi anayo, na wenye magari wamegundua kwamba fundi anaweza kuulizwa mtu akiwa kitandani.

Na maswali hayaishi. Kuna anayetaka kujua kama rejeta hupendelea maji ya mvua au ya bomba. Kuna karani aliyeambiwa na shemeji yake kwamba ukitoa gia kwenye mteremko unaokoa mafuta.

"Utaokoa ya shilingi kumi," Mukhwana alimjibu, "halafu ununue breki ya elfu mbili. Na hiyo ni kama utafika chini."

Mwingine alimpigia akiwa barabarani. Taa nyekundu ya oili ilikuwa imewaka.

"Simama," Mukhwana alimwambia.

"Lakini fundi, nimebakisha kidogo tu nifike."

"Basi kwa nini uliniuliza? Si ungeuliza taa?"

Adow, muuza vipuri ambaye duka lake limepakana na gereji, husikia nusu ya mazungumzo haya kila siku na hujaza nusu nyingine mwenyewe. Anasema jirani yake hana hesabu. Siku nzuri Mukhwana hutia mfukoni kama shilingi mia tano, na mia moja kati ya hizo huishia kwenye krediti ya simu, kwa kuwa wateja wengi wanaflashi tu na yeye ndiye anayepiga.

"Walahi, mzee, mafundi wote Kitale wanalipwa na wateja," Adow humtania. "Wewe peke yako ndiye unalipa wateja."

"Wangekuwa wako ungewalipa pia."

"Mimi? Mimi nazima simu nalala."

Mukhwana hazimi. Analala katika chumba cha mabati kilicho nyuma ya gereji, chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa, sufuria, kikombe na sahani moja. Ukimuuliza mbona sahani moja, atakuambia ni rahisi kuosha. Jioni, Adow anapofunga duka na kwenda msikitini, kiwanja kinanyamaza, na Mukhwana huiweka simu juu ya mto, kioo kikimtazama.

"Isipolia, nasikia mabati," anasema. "Mabati ya hapa yanaongea sana, lakini hayaulizi kitu."

Mwezi wa Machi malaria ilimlaza. Simu haikujua. Aliendelea kujibu akiwa chini ya blanketi, meno yakigongana, akiwaeleza watu jinsi ya kutoa hewa kwenye breki na kwa nini klachi inanuka. Hakuna aliyegundua.

"Kulikuwa na mmoja tu," anakumbuka. "Aliniuliza, fundi, mbona sauti yako iko mbali leo? Nikafurahi kabisa. Nikaanza kumweleza vile naumwa. Kumbe alidhani ni network, akasema atapiga baadaye."

Anacheka anapolisimulia hilo, kicheko kirefu kidogo kuliko kinavyostahili.

Si kwamba hana watu. Mabanga kuna nyumba yake ya matofali na mke wake, Phelista, anayepika katika chuo cha wakulima. Edinah, kifungua mimba, ameolewa Eldoret. Kitinda mimba, Rispah, anamaliza darasa la nane, na Januari ataingia shule ya bweni. Mukhwana hufika nyumbani mwisho wa mwezi, na kwa miaka mingi Phelista amekuwa akimwuliza swali lile lile: atarudi lini? Bungoma nako kuna magari, na magari ya Bungoma nayo huharibika. Jibu limekuwa mwaka ujao.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa yamekwama, hadi ikatokea Kiminini.

Thuo ni mfanyabiashara wa viazi. Asubuhi moja ya Septemba pikapu yake ilikuwa bado inakataa kuwaka pale sokoni Kiminini. Akaflashi. Mukhwana akapiga.

"Fundi, hii gari imenishinda. Tangu jana ime..."

"Usiniambie," Mukhwana akamkatiza. "Fungua boneti, weka simu hapo kwa injini. Nataka nisikie mwenyewe."

Hiyo ndiyo tabia yake. Anaamini mwenye gari hupotosha lakini gari halipotoshi, kwa hiyo hamsikilizi mwenye gari. Thuo akafanya kama alivyoagizwa. Mukhwana akafumba macho. Sauti ikaja nzito, gu-gu-gu-gu, na ndani yake mkwaruzo wa chuma kilichochoka.

"Pole sana, Thuo," akasema, kwa sauti ya daktari anayetafuta jamaa wa mgonjwa. "Beringi za chini zimekwisha. Injini inajila yenyewe. Zima haraka!"

"Nizime nini?"

"Gari! Zima gari!"

"Lakini fundi, gari si..."

Krediti ikaisha.

Mukhwana akafunga gereji. Akaazima gari la Adow, akapakia mnyororo wa kunyanyulia injini, jeki mbili na sanduku zima la spana, akateremka Kiminini kwa mwendo wa gari la wagonjwa. Alimkuta Thuo ameketi juu ya gunia, boneti liko wazi, na mngurumo ule ule unatikisa hewa.

"Si nilikuambia uzime?" akafoka kabla hajashuka vizuri.

Thuo alinyoosha kidole tu. Mukhwana akagusa injini ya pikapu. Ilikuwa baridi kama chungu cha maji. Akafuata kidole. Nyuma ya pikapu, hatua chache, kulikuwa na kibanda cha mashine ya kusaga mahindi, yaani posho mill, na mlangoni foleni ya wanawake wenye madebe. Gu-gu-gu-gu.

"Haijawaka tangu jana," Thuo akasema polepole. "Ndio hiyo nilikuwa najaribu kukuambia."

Foleni ilikuwa imekwisha kuelewa. Mama mmoja mzee akatua debe lake ili acheke kwa nafasi.

"Fundi, ukimaliza hapo utuangalilie na hii mashine," akasema. "Umesema beringi? Ndio maana unga inatoka na makapi!"

Tatizo la pikapu lilikuwa waya wa betri uliolegea. Spana moja ilitosha, na ule mnyororo haukushuka garini. Thuo alipowasha, injini iliimba vizuri. Kabla Mukhwana hajafika Kitale, jina lilikuwa limetangulia. Alimkuta Adow mlangoni amesimama wima kama askari.

"Karibu, Daktari wa Unga!"

Utani huo bado unaendelea. Wapo wanaoflashi na, akipiga, wanamwomba asikilize blenda. Mukhwana anawajibu wote. Ila kuna jambo moja la siku hiyo ambalo watani wake hawalijui, na alikaa nalo siku kadhaa kabla ya kulitamka.

"Thuo aliponiambia gari imemshinda, mimi nilifurahi," anasema, macho yakiwa kwenye plagi anayoisugua. "Nilitaka iwe imeharibika kabisa. Ingekuwa kazi ya siku mbili, tatu. Ningekaa huko sokoni, watu wanapita, wananiuliza hii ni nini, ile ni nini. Nilikuwa nimepata mahali pa kwenda. Ndio sikungoja amalize."

Kisa kilifika Mabanga kabla yake. Phelista hakupiga simu. Jumamosi iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akafunga ugali, kuku na kunde kwenye kikapu, akatokea gerejini saa sita mchana bila taarifa. Mukhwana alipotoa kichwa chini ya gari na kuona viatu vya mke wake, alidhani kuna msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja kuangalia fundi wa posho mill."

Wakaingia chumbani. Phelista akatafuta sahani ya pili, akatazama chini ya kitanda, akamtazama mumewe. Akampakulia Mukhwana kwenye sahani, yeye mwenyewe akala kwenye mfuniko wa sufuria, wote wawili wameketi kitandani kwa kuwa kiti hakipo.

Sasa hivi, mwanzoni mwa Novemba, Mukhwana anauza na kufungasha vitu. Mashine ya kulehemu ameiacha kwa Adow ampatie mnunuzi. Mwenye kiwanja ameshaarifiwa kwamba mwisho wa mwaka apokee funguo zake. Binamu yake, Makokha, amempa kona ya ploti kando ya barabara karibu na Mabanga, na mpango ni kwamba Januari, Rispah akiingia bweni, gereji iwe imefunguliwa. Anatumaini kupata fundi mwenzake wa kusaidiana naye, na viti. Viti anavitaja mara mbili. Safari hii mteja akija na gari, lazima aketi.

Wateja wa Kitale wanadhani ni aibu ya Kiminini inayomhamisha. Anawaacha wadhani. Kilichomhamisha ni kile chakula cha Jumamosi.

Simu ililia mara nne wakila. Mara ya kwanza Mukhwana alieleza gari linalovuta kushoto. Mara ya pili, jinsi ya kufungua mlango ambao funguo zimefungiwa ndani. Mara ya tatu, mtu alitaka tu kujua kama oili ikiwa nyeusi ni mbaya. Phelista alitafuna taratibu, akamngoja amalize.

"Rispah akienda Januari, kwa ile nyumba nabaki na nani?" akauliza.

"Mwaka ujao, Mama Edinah. Si nilisema mwaka..."

"Ulisema hivyo mwaka jana. Na mwaka juzi."

"Sasa nitafanya aje? Watu wa magari hapa wamenizoea bana. Nikienda, nani atawajibu? Kutoka asubuhi mpaka jioni wananihitaji. Mimi siwezi kuwaacha hivi hivi."

Simu ikalia kwa mara ya nne. Mukhwana akanyoosha mkono wenye mchuzi, lakini wa Phelista ulikuwa umefika kwanza. Akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Fundi anakula," akamwambia mwenye gari, akakata. Akaiweka simu kitandani kati yao, akachukua tonge.

"Baba Edinah," akasema, "hao wote wanataka sauti yako, na sauti itafika Kitale hata ukiwa umekaa jikoni kwangu. Anayetaka mtu na miguu yake ni mimi peke yangu."