Suruali ya Kijivu Nyuma ya Blanketi

Kabati langu la nguo lina milango mitatu. Lilichongwa hapa hapa Eldoret kwa mbao ya sipreshi iliyotoka upande wa Kaptagat, na nilimsimamia seremala mpaka akapiga msumari wa mwisho. Nalitaja mapema kwa sababu kuna watu walinichomea nyumba wakifikiri sitamiliki kabati tena.

Jumamosi moja binti yangu alikuja kulipanga. Alikuwa amemaliza chuo kule Chepkoilel na kupata kazi ya ualimu mjini, akasema anarudi kukaa na mimi, lakini nusu ya kabati iwe yake. Alinikalisha kitandani kama mgonjwa, akamwaga kila kitu sakafuni, akaanza marundo matatu: ya kubaki, ya kutoa na ya kurekebisha.

"Mama, hii blauzi nyeusi uliivaa lini?"

"Hiyo ni ya matanga."

"Na hii?"

"Pia ya matanga."

"Ziko sita. Kwani unangojea nani afe?"

Nikamwambia aendelee na kazi. Yeye amesoma, mimi niliachia darasa la sita, lakini habari ya nguo hawezi kunifundisha. Mimi ni fundi cherehani. Na nimewahi kubaki na nguo moja tu mwilini, ndiyo maana kutupa nguo kunanishinda. Hata hivyo rundo la kutoa lilikuwa linapanda, na kusema kweli nilikuwa nafurahi kuona mbao za kabati langu zikitokea.

Halafu akafika chini kabisa, nyuma ya blanketi, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na suruali ya mwanaume, kitambaa kizuri cha kijivu cha suti. Baba yake alifariki kabla ya ile vita ya uchaguzi wa 2007, na tangu wakati huo nyumba yetu haijawa na mwanaume.

"Mama," akasema polepole, "hii ni ya nani?"

"Ya mteja."

"Mteja gani anaweka nguo kwa kabati yako miaka yote hii?"

Ikabidi nimweleze, kwa sababu wakati huo alikuwa na miaka sita na vitu vingi hakuviona.

Tulikuwa tunakaa Kiplombe. Chumba cha mbele kilikuwa duka langu la kushonea, na nyuma ndiyo tulikuwa tunalala. Desemba kila mtu anataka nguo mpya ya Krismasi, na mimi kama mafundi wote nilikubali kazi nyingi kuliko mikono yangu. Krismasi ikapita kazi zingine hazijaisha. Nikawa na mifuko miwili mikubwa ya nailoni, ile ya miraba, inafanana kabisa. Mmoja nilikuwa nimetia nguo zetu, kwa sababu baada ya kura watu walikuwa wanaongea vibaya. Mwingine ulikuwa na nguo za wateja.

Wachomaji walikuja saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka. Nilishika mtoto kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono mwingine, nikapita nyuma kwenye mahindi makavu. Tulipofika kwenye uwanja wa kanisa nikafungua mfuko nimpe mtoto kitu cha kuvaa. Nguo za watu. Vipande kumi na vinne, na hakuna hata soksi moja yetu.

Wale waliokuja walikuwa wamejipaka masizi usoni. Walidhani hiyo inatosha. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nawavalisha. Majina yao sitaandika, wenyewe wanajijua, ila kazi zao nitazisema. Mwenye posho mill ya kusaga mahindi alikuwa na koti lake la kaki, mfuko wa kulia niliurudishia mimi. Mmoja wa kwaya ya kanisa letu ndiye aliyeonyesha kwa kidole nyumba ya nani ni ipi, na kola ya shati lake iliyochakaa niliigeuza mwezi wa tisa. Na aliyetupa moto kwenye paa langu alikuwa jirani yangu, mwuza maziwa, aliyekuwa akiniletea nusu lita kila asubuhi. Alikuwa amevaa suruali ya kazi yenye kiraka cha kijani kwenye goti la kushoto. Kiraka nilikiweka cha kijani kwa sababu kitambaa cha rangi yake kilikuwa kimeniishia. Hakuna suruali nyingine kama hiyo Kenya nzima.

Baadaye watu wa uchunguzi walikuja na madaftari kwenye kambi tuliyokimbilia. Niliwatajia wote watatu. Wakaniuliza nimewajuaje, nikasema kwa kiraka, kwa kola na kwa mfuko. Kijana mmoja akatabasamu, akaandika, wakaenda. Mpaka leo. Wa posho mill alikufa, wa kwaya alihama. Wa maziwa yuko pale pale.

"Mimi nakumbuka sweta nyekundu," binti yangu akasema. Alikuwa ameacha kupanga. "Ilikuwa kwenye huo mfuko. Nilikuwa natetemeka na ukakataa nisiivae."

"Ilikuwa ya mtoto wa watu. Nilikufunika na leso yangu."

"Nilikuchukia wiki nzima, mathe."

"Najua."

Siku ya tatu mama wa ile sweta alitokea hapo hapo uwanjani, na mtoto wake alikuwa anatetemeka kuliko wangu. Nilipompa alinishika mkono, akamvalisha mtoto hapo hapo. Blanketi la binti yangu tulipewa siku hiyo hiyo na Msomali mmoja mwenye duka mjini, ambaye nilikuwa nanunua nyuzi kwake. Huyo ndiye alinisaidia pia kwa zile nguo zingine. Aliziweka kwenye rafu yake na wenyewe wakawa wanapitia mmoja mmoja, wa kabila langu na wasio wa kabila langu. Gauni la bibi harusi nililipeleka kwa miguu. Kwa vipande kumi na vinne nilivyokimbia navyo, kumi na vitatu vilifika kwa wenyewe. Hilo nimelisema mpaka watu wamechoka kulisikia, na nitaendelea kulisema.

Cha kumi na nne ni ile suruali ya kijivu. Ilikuwa ya kwake mwuza maziwa, ya kuendea kanisani. Sikuipeleka. Nilisema nyumba yangu ameichukua, suruali yake ninayo.

Binti yangu aliikunja vizuri akaiweka kwenye rundo la kutoa. Nikaichukua.

"Hiyo haitoki."

"Basi inabaki na sisi? Mimi nitatundika nguo zangu hapa, na huyo jamaa naye awe na shelfu yake? Nyumba yako alichoma, hii ya sasa unamwekea nafasi?"

Nikaigeuza ile suruali mikononi ili nisimwangalie, na hapo ndipo nikaona kilichonichoma. Pindo la miguu lilikuwa limeshikizwa tu kwa uzi mweupe wa muda. Kifungo hakuna. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiilinda kama kitu cha maana, kumbe nililinda kazi yangu mwenyewe ambayo haijaisha.

Mchana huo huo nilikaa kwenye cherehani. Nikapinda miguu, nikatia kifungo, nikapiga pasi mpaka mstari ukasimama. Jumatatu nikaenda Kiplombe na tepu yangu shingoni, kama ninavyotembea siku zote.

Mke wa mwuza maziwa ndiye alinikaribisha. Huyo alimwoa baadaye, hanijui. Mwenyewe akatoka nyuma ya zizi, amenenepa, nywele nyeupe. Alinijua mara moja.

"Fundi," akasema.

"Nimekuletea suruali yako ya Krismasi."

Akajilazimisha kucheka. "Nyinyi mafundi ni watu wa kesho, lakini wewe umepita wote." Mke wake akacheka kweli.

"Nilichelewa kwa sababu duka liliungua," nikasema.

Mke wake akaacha kucheka. Mzee akaanza kuangalia ng'ombe wake. "Yalikuwa mambo ya siasa, mama. Sisi wote tuliumizwa."

"Siku ile ulivaa ile ya kiraka cha kijani. Goti la kushoto."

Mkono wake ulishuka wenyewe ukafunika goti la kushoto, na mke wake akauona huo mkono. Mimi pia niliuona. Wale watu wa madaftari wangekuwepo, nao wangeuona.

Aliichukua suruali akaipima juu ya ile aliyovaa. "Hii hainitoshi tena," akasema kwa sauti ya chini.

Nikatoa tepu shingoni. "Simama wima."

Akasimama. Nilimzungushia kiunoni mtu aliyenichomea nyumba, nikasoma namba. Nyuma ya suruali nilikuwa nimeacha kitambaa cha kupanulia, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa, kwamba mteja hunenepa.

"Itatosha," nikamwambia. "Nikishaifungua na kuipanua, uje uichukue dukani kwangu. Uje mchana, watu wakiwepo."

"Si utume mtu tu ailete?"

"Hii utakuja mwenyewe. Na sijakusamehe, usije ukawaambia watu nilikusamehe. Nimemaliza kazi yako."

Sasa nguo za binti yangu zimejaa nusu ya kabati, na kama ninavyomjua, hivi karibuni atataka mlango wa tatu. Mimi nimebaki na blauzi mbili za matanga. Suruali ya kijivu imetundikwa kwenye henga dukani, mahali pa kazi zilizoisha, mbele kabisa. Wateja huishika na kusifu mshono, wakauliza ni ya nani. Mimi huwaambia ni ya mwuza maziwa wa Kiplombe, na wakiuliza mbona imekaa bila kuchukuliwa, nawaambia pia.

Binti yangu akirudi jioni huuliza kwanza, "Amekuja?"

"Bado."

Watu hupenda kulalamika kwamba mafundi tunachelewesha nguo. Hiyo iko tayari, imepigwa pasi, na mlango wa duka naufungua saa mbili asubuhi.