Santuri Zilizosuguliwa kwa Majivu

Mboni wa Nguvumali alikuwa mjane, msusi wa mikeka, na santuri zake alizitunza kuliko nilivyopata kuona mtu akitunza kitu kisichopumua. Mimi nilikuwa nikimletea ukindu kutoka upande wa Tongoni, mwingine mweupe, mwingine nimeshauchovya rangi, na kila nikifika kwake naambiwa nitue mzigo, nikae barazani, nipigiwe moja katika kinanda chake cha santuri kabla ya bei.

Kila santuri alikuwa ameishonea mfuko wake wa kipande cha kanga kilichochakaa. Zote zilikaa katika sanduku la chai la mbao, sanduku likakaa juu ya matofali lisipandwe na mchwa, mbali na dirisha. Maana santuri zile za zamani, kama hujui, hazitaki jua. Zikipata joto hulegea kama nta, na zikianguka ni vigae. Mboni alizishika kwa ukingo, kwa viganja, kama mtu anayepokea mtoto mchanga aliyelala.

Kusoma hakujua. Maandishi ya katikati yalikuwa mapambo tu kwake. Lakini hakuhitaji kuambiwa hii ni ipi, maana kila moja ilikuwa na jambo lake. Jambo kubwa likimpitia, la heri au la shari, alikwenda mjini dukani kwa Hakimuddin na fedha ya mkeka, akarudi na santuri. Kulikuwa na ya mwaka wa nzige. Kulikuwa na ya bintiye Mwanamkasi alipopona surua, wakati watu walikwishanong'ona habari ya sanda. Kulikuwa na moja ambayo marehemu mumewe Hatibu hakuipenda hata kidogo, akisema huyo mwimbaji ana sauti ya mbuzi.

"Sasa mbona unaipiga kila siku?" nikamuuliza.

"Namchokoza, ami. Akiwa hai nilikuwa nikiipiga akitoka nje kwa hasira. Siku hizi hatoki. Nikiipiga namsikia anavyosonya."

Na ilikuwako moja ya mama mmoja na udi na fidla, ambaye katikati ya wimbo anakohoa. Kikohozi kidogo, halafu anaendelea kama hakuna lililotokea. Mboni alikuwa akiacha ukili anaousuka akakingoja. Kikipita anatikisa kichwa. "Masikini," husema, "siku ile alikuwa na mafua, na wanaume wale wa kuchukua sauti hawakumwambia pumzika." Nadhani ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hakuna aliyemjua yule mama jina, wala kama yu hai, lakini pale Nguvumali aliulizwa hali kila jioni.

Basi, mwaka ule wa hamsini na sita, mwezi wa Shaabani, jirani yake Sabiha alikuwa akimwoza mwanawe. Sabiha huyu mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu kule Raskazone, na kwa ajili hiyo aliyajua mambo yote ya dunia. Alikuja kwa Mboni na kicheko mbele.

"Shoga yangu, nimekuja kuazima."

"Karibu. Masufuria yapo, na mikeka ipo."

"Masufuria ninayo. Nataka kinanda na santuri zako."

Nilikuwepo, nilimwona Mboni anavyovuta ukili mkononi mpaka ukakatika. Akasema, "Basi nije nizipige mwenyewe."

"Uje upige! Wewe mgeni wangu wa heshima, nikufanye mpiga kinanda? Watu wataniambiaje? Au hutuamini?" Akageuka akanitazama mimi. "Babu, hebu msikie shoga yangu. Na yeye mwenyewe Ramadhani ikiisha, Mfungo Mosi, ana harusi ya binti. Atataka nani ampikie, nani amtwangie, nani ampambie?"

Alisema akicheka, lakini kisu ni kisu hata kikipakwa asali. Kwetu pwani shughuli ni ya watu wote. Asiyetoa chake kwa mwenziwe, siku yake atakaa na jiko lake na maharage yake, na bi harusi wake atatoka bila kigelegele. Mboni alilijua hilo. Mwanamkasi ndiye mtoto aliyebaki. Akafungua sanduku, akazitoa moja moja, akazitaja moja moja, akaeleza: msiweke juani, msizipange juu ya kitu cha mviringo, sindano ikichoka badilini. Sabiha akaitikia kila neno, "Naam, naam," na macho yake yako mlangoni.

Harusi ikaliwa. Mboni alikwenda, akakaa panapokaa wageni wa heshima, akasikia santuri zake zikipigwa chumba cha pili na mtu asiyejua kuziondolea sindano. Alivumilia. Kilichonileta mimi katika habari hii ni asubuhi ya siku ya pili yake, nilipokuwa napita na mzigo wangu nyuma ya ua wa Sabiha.

Wanawake walikuwa wanaosha vyombo vya shughuli. Mnajua vinavyooshwa: maji ya moto, majivu, mchanga, na makumbi ya nazi, mtu anasugua mpaka sufuria inamwonyesha sura yake. Na sheria ni kwamba cha mtu ukikiazima kinarudi kisafi kuliko kilivyokuja. Ni mila nzuri, mimi siikatai. Lakini pale chini ya ua, baina ya masufuria na masinia, nikaona vitu vyeusi vya duara vimeegemezwa kwenye makuti, vinakaushwa juani kama makopa ya muhogo.

Nikasimama. Nikasema, "Jamani, hizo si santuri za Mboni?"

"Ndizo, babu. Tunamwoshea mwenyewe."

"Mnaziosha kwa nini?"

"Aa, si zilikuwa na mafuta!" Mama mmoja mnene, mikono imejaa majivu mpaka viwikoni, alinijibu kama anamfahamisha mtoto. "Wageni wa Pangani walikuja wengi, sahani zikatupungukia. Tukapakulia mikate juu ya hizi, na nyama kidogo. Ziko bapa, hazimwagi."

Nilichukua moja. Ilikuwa laini. Ukingo wake ulining'inia mkononi kama chapati, ikanuka samli na bizari na maji machafu ya vyombo. Ile mistari ambamo sauti hukaa ilikuwa imejaa majivu na, Mungu anisamehe kwa kulisema, uzi wa nyama. Karatasi ya katikati ilikuwa imetoka, imeganda kwenye kidole cha yule mama. Akaipangusa kwenye kanga yake.

Nimelala katika vibanda vya wavuvi, nimekula ng'onda wenye funza, na sikupata kusikia kinyaa kama kile. Haukuwa uchafu wa kitu. Ulikuwa ule usafi wao. Wamesugua kwa bidii, jasho linawatoka, na nyuso zimekunjuka kwa thawabu.

Nikasema, "Mmeziua."

"Loo, babu! Zimeng'aa hivyo?"

Nikaenda zangu mpaka kwa Mboni, nikaketi barazani, nikashindwa namna ya kuanza. Hata sikupewa nafasi, maana nyuma yangu wakaja wenyewe, Sabiha mbele na wanawake wawili, mmoja kajitwika kinanda, mmoja kajitwika santuri zimefunikwa kawa safi, kigelegele kinawatangulia.

"Hodi, shoga! Vyombo vyako hivi, na shukurani juu yake!"

Kawa likafunuliwa. Santuri zilikuwa zimebebana, zimejikunja kila moja upande wake, na juu ya ile ya juu kabisa wameweka pande la halua, kubwa kama ngumi, linatiririka mafuta. Maana chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Sheria nyingine hiyo, na nayo nzuri, ikikaa mahali pake.

Mboni alizitazama. Nilidhani atapiga ukemi majirani wote wasikie. Akashika ukingo wa ile ya juu, akaugusa mahali palipokuwa na pengo dogo la siku nyingi, akajua ni ipi. Ilikuwa ya yule mama wa kikohozi. Mafuta ya halua yalikuwa yameshaingia katikati.

"Onja basi," akasema Sabiha. "Halua ya fundi Hijja hiyo, si ya soko. Onja tujue umeridhika."

Wote watatu wakasimama wanangoja, wanatabasamu. Halua usipoila umetangaza ugomvi, na ugomvi wa Shaabani haumaliziki kabla ya Mfungo Mosi. Mlangoni kwa ndani Mwanamkasi alikuwa amesimama, kaona yote. Mama mtu alimtazama binti yake. Kisha akamega halua kwa vidole, palepale juu ya santuri, akaitia mdomoni, akaitafuna. Akaimeza kama mtu anayemeza jiwe.

"Ahsanteni," akasema. "Mmejitaabisha."

"Aa, si taabu! Wewe ukituazima na sisi hatukudhulumu."

Wakaondoka wanacheka. Mimi nilitema mate nje ya baraza, jambo nisilolifanya kwa watu.

Tulipobaki, alitia ufunguo kinanda, akaiweka ile isiyojikunja sana. Sindano ikaruka, ikaanguka, ikaruka. Kilichotoka ni sauti ya samaki anayekaangwa. Akabadilisha nyingine, ikawa ileile. Ya kikohozi haikukaa hata kidogo, ilikuwa kama kofia. Aliizungusha kwa mkono, taratibu, ameinama, sikio chini. Nikaona haya kutazama, nikajitia nahesabu ukindu.

Kesho yake tulizibeba, tukafuatana mpaka mjini kwa Hakimuddin. Yule mzee wa Kibohora alivaa miwani, akaziinua kwenye mwanga, akazinusa.

"Mama, nini hii? Pilau?"

"Halua."

Akaziweka chini polepole. "Hii imekufa, mama. Zote imekufa."

"Nipatie kama hizi, basi. Nitakusukia mikeka mpaka zitoshe."

"Hizi haitengenezwi tena. Nani anataka udi? Vijana nataka dansi." Akatoa chini ya meza santuri nyepesi, inayonyumbuka, akaigonga na kucha. "Tazama, mpya. Plastiki. Anguka, haivunjiki. Chafuka, unaosha na sabuni."

Wallahi hakuwa na nia mbaya, maskini. Alikuwa anauza tu. Lakini Mboni alirudi nyuma hatua moja, kama ameonyeshwa nyoka.

"Zinazooshwa sizitaki," akasema.

Ramadhani ikaja, ikapita. Mfungo Mosi harusi ya Mwanamkasi ikafika, na watu wakaja. Wote! Sijapata kuona ua uliojaa vile. Sabiha alikuja alfajiri na mwiko wake. Walipika, walitwanga, walipamba. Kwa hivyo Mboni alikipata alichokinunua, sina la kusema hapo.

Mimi nilikuwa barazani na wanaume, dirisha la chumba cha wanawake kisogoni kwangu, na pazia lake lilikuwa jepesi. Bi harusi alikuwa amekwishakalishwa, amefunikwa, macho chini, kimya kama inavyotakiwa. Kwetu bi harusi hasemi. Hata akiwa na kiu hasemi, ananyweshwa. Nikamsikia Sabiha, mdomo umejaa:

"Shoga Mboni, mbona harusi kavu hivi? Kama tuko matangani! Santuri zako umezificha wapi, au ni za harusi za wengine tu?"

Wakacheka. Nilimsikia Mboni akiweka birika chini. Kisha ikaja sauti changa kutoka chini ya utaji.

"Mmezila."

Wanaume barazani wakageukia dirisha.

"Mlizipakulia nyama mkazisugua kwa majivu," akasema Mwanamkasi, bila kupandisha sauti. "Mama yangu akala halua juu yake mbele yenu, ili leo mje. Basi mmekuja. Kuleni, mwende."

Nilingoja mtu aseme pole. Nilingoja hata Sabiha akasirike, maana anayekasirika amesikia. Mnajua walisema nini?

"Astaghfirullahi! Bi harusi kasema!"

"Kasema, na utaji wake kichwani!"

"Mtoto huyu hana somo wa kumfunda? Nani somo yake?"

Na minong'ono ikaanza palepale, mtu kwa mtu, sinia kwa sinia, na haikukoma mpaka ilipofika Chumbageni, kwao bwana harusi, kabla yake mwenyewe. Sabiha ndiye aliyeshika kichwa kuliko wote. Alimwinamia Mboni kwa huruma, nilimsikia. "Usijali, shoga. Tutalificha." Halafu akaendelea kula.

Mboni alitoka nje kunipa chai. Nikamwambia, "Mwanangu, pole."

"Ya nini, ami? Binti yangu kasema kweli siku ya kwanza ya nyumba yake. Mwache mumewe amzoee mapema."

Toka siku hiyo sanduku la chai anawekea ukili. Sabiha akiazima sufuria anampa, na kinanda alikiuza kwa mtu wa Muheza. Mimi bado natembea na mzigo wangu, na kila ninapotua, barazani kwa watu, kituo cha basi, hata kwa kinyozi, wakijua napita Nguvumali huniuliza: ati ni kweli kule kuna bi harusi aliyefungua mdomo? Alisema nini?

Nawaambia alichosema, na kwa nini alikisema. Habari ya santuri wanaisikiliza kwa sikio moja, wanangoja nirudi kwenye ule utaji. Wengine hunikaribisha chakula. Nawashukuru, siketi kula, naubeba ukindu wangu, naenda mbele.