Siku Niliyovaa Hedifoni Mashineni

Naona haya hata kuisimulia, lakini bora mnicheke mkiisikia kwangu kuliko mkaisikie huko mtaani Viwanja Sitini, maana huko wameshaitia chumvi.

Mnajua nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu Mama Neema, mke wangu, arudi kwao Sanje, kwa sababu nilimtolea maneno mabaya mbele ya wageni, na mimi nikajifanya kidume, sikumfuata. Nyumba ikawa kubwa, jamani. Nikaanza kuongea peke yangu kazini, nashona magunia huku namwambia yeye yale niliyoogopa kumpigia simu nikamwambia (mashine ikinguruma, hata utukane hakuna anayekusikia).

Basi mdogo wangu akaniazima hedifoni zake, zile zinazofuta kelele. Nikavaa bila muziki. Ngurumo yote ikayeyuka, masikio yakajaa kama yamezibwa pamba, nikawa nasikia hata mate nikimeza, na sauti yangu inatokea ndani ya kichwa, ndogo, ya karibu, nikadhani nanong'ona. Nikaipa mashine mgongo, nikaanza hotuba yangu.

Kumbe umeme umekatika, mashine imezima. Ningejuaje, wakati kwangu palikuwa kimya tangu mwanzo? Foleni nzima ya kina mama ikanyamaza, inanisikiliza ninavyopayuka: "Mama Neema, rudi! Nimekosa! Nikitoka kazini nazunguka mitaani, naogopa kuingia ndani peke yangu!"

Nikaguswa bega. Alikuwa shangazi yake Mama Neema. Nikazivua zile hedifoni. Akaniambia taratibu, "Baba Neema, hayo ungempelekea mwenyewe." Mmoja akacheka, wengine wakafuata, nikatoka nje na sindano ya magunia mkononi.

Kesho yake mchana Mama Neema akapiga simu.

"Nimesikia umeniomba msamaha," akasema. "Umewaomba watu wa foleni. Sasa niombe mimi."

Ndugu zangu, simu iko sikioni, yeye anasubiri, na katika maneno yote ya miezi mitatu halikutoka hata moja. Nikamuuliza kama huko mvua imenyesha. Akasema imenyesha, akakata.

Hedifoni nimezirudisha, sizivai tena, na mashineni siku hizi sifungui mdomo. Nimeapa Jumapili hii nakwenda Sanje nikamwambie uso kwa uso. Na Jumapili iliyopita niliapa hivyohivyo.