Tulipokuwa Mashini

Wiki iliyopita, kwenye kikundi chetu cha simu cha waandishi wa programu hapa Kisangani, waligombana tena, rafiki yangu. Mmoja anaapa hawezi tena kufanya kazi bila kile chombo chake cha akili bandia kinachomwandikia programu. Mwingine anasema vyombo hivyo vinatufanya wavivu. Mimi nilikuwa peke yangu chumbani na wali wa jana, nikiwasoma tu. Kisha mmoja akauliza: lakini ndani, kinafanya kazi namna gani? Wakarudi kwenye ugomvi wao, na mimi mawazo yangu yakavuka mto, yakaenda Lubunga.

Huko ndiko nilikosomea, nikiishi na nyanya yangu, niliyemwita Koko. Asubuhi nilitwanga pondu, yaani majani ya muhogo, kabla ya kwenda darasani, na mikono ilinuka majani mpaka saa ya mapumziko. Nyumbani hapakuwa na mtoto mwingine.

Shule yetu ilikuwa na kipindi cha kompyuta, lakini kompyuta haikuwa nayo. Si kwamba iliharibika, haikuwahi kuwapo. Koko alicheka sana nilipomweleza.

"Munajifunza mashini yenye haiko?"

Mwalimu wetu hakuwa mtu wa kungoja. Alikusanya mikebe mitupu ya sardini, akatia karanga za kukaanga, kila mkebe kiasi chake, akatupanga mstari mbele ya darasa, kila mmoja na mkebe wake mkononi. Mashini ikawa sisi. Mmoja wetu alisoma maagizo ubaoni: linganisha mkebe huu na jirani yake, wenye karanga nyingi uende kulia. Tulibadilishana nafasi hivyo hivyo, kutoka mkebe mwepesi hadi mzito. Sheria ilikuwa kwamba mkebe hausemi, haucheki, wala hauli. Kazi ikiisha salama, karanga zinakuwa zetu.

Nilikipenda kipindi kile kuliko chakula. Ndani ya mstari nilikuwa na mtu kushoto na mtu kulia, na mara nyingi wa kulia alikuwa jirani yangu wa benchi, msichana aliyenukia sabuni ya mawese na aliyeshindwa kabisa kutocheka.

Siku moja mwalimu akatuambia kwamba mkaguzi anakuja kuamua kama kipindi kiendelee au kifutwe. Moyo wangu ulikaa juu juu. Na asubuhi aliyokuja mkaguzi, Koko alikuwa na malaria, moto haukuwashwa, nikaenda shule tumbo tupu. Karanga zilinukia chini ya pua yangu, wee, acha tu. Lakini sikuzigusa.

Tulipomaliza, mkaguzi akapita akihesabu. Mkebe wangu ukazidi ule wa jirani yangu, na mimi nilikuwa kushoto kwake. Mashini imekosea.

Mwalimu hakukasirika. Alirudi kwa kila mkebe akiuliza kilichoingia na kilichotoka, kama alivyotufundisha kutafuta kosa. Jirani yangu akainamisha kichwa.

"Nilimutilia karanga zangu, Mwalimu. Njala ilikuwa inamuuma."

"Bon," mwalimu akasema, akijikaza asicheke. "Kosa tumeiona. Mashini ya kweli haiwezi kufanya hivi."

Mkaguzi naye alitabasamu, sitamsingizia. "Alors, Mwalimu, tungojee hiyo ya kweli."

Kipindi kikafutwa. Saa ya kipindi kile tukapewa kazi ya kufyeka majani uwanjani. Mashini ya kweli haikufika mpaka nikamaliza shule. Na kabla ya mwaka kwisha, baba wa jirani yangu, mtu wa reli, alihamishiwa Ubundu, akaondoka na watu wake wote. Hatukuagana.

Leo chombo cha kuandika programu ninacho pia, na sina ugomvi nacho. Kinanisahihisha kwa upole. Nimesoma kiasi juu ya namna kinavyofanya kazi, najua ndani hakuna mtu, ni hesabu tupu. Ila siku nyingine nakiuliza jambo ninalolijua, ili tu nijibiwe. Upweke ni kitu kibaya, rafiki yangu.

Jana niliwaandikia kikundini habari hii yote. Mmoja aliweka kidole gumba. Mwingine akaniuliza ninatumia chombo gani siku hizi. Nilikaa nikiitazama simu mpaka ikajizima. Nilitaka mtu mmoja tu aniulize yule msichana yuko wapi, nimjibu kwamba sijui.